Shemeji, Ukoo Wenu Upi? Hati za Ardhi Zinavyofichua Familia za Ayalandi na Uskoti

Hivi wewe na mwenzako mmeshawahi kukaa chini mkatajiana majina ya mababu? Si babu na bibi tu. Namaanisha baba yake babu, na mama yake huyo, na kijiji walichozikwa. Wengi wetu tunajibu bila kufikiri, maana tumekua tukitajiwa ukoo kabla hata hatujajua kusoma. Lakini kama mchumba wako katokea Glasgow au Dublin, swali hilohilo linaweza kumfanya akukodolee macho kama uliyemuuliza hesabu za kidato cha sita.

Mapenzi hayahitaji orodha ya mababu, najua. Ila wazee wanaihitaji! Na ndoa za vijana wetu na Waskoti na Waairishi si jambo geni tena. Wapo waliokwenda kusoma huko wakarudi na mchumba, na wapo waliokutana naye hapahapa Dar es Salaam kazini. Mambo yanakwenda mswano mpaka siku ya posa.

Ndivyo ilivyomkuta shoga yangu mmoja, tuliyesoma wote chuo. Baba yake alimsikiliza mshenga mpaka mwisho, akanywa chai yake taratibu, kisha akauliza jambo moja tu: "Huyu kijana ni mtoto wa nani, na ukoo wao umetokea wapi?" Shemeji akamtaja babu yake, kibarua wa bandarini Glasgow, akaishia hapo. Aliongeza kwamba kwao walisimuliwa kuwa asili yao ni wakulima wa Donegal, kaskazini magharibi mwa Ayalandi, waliofukuzwa shambani na kabaila. Mzee hakukasirika. Alisema hajakataa, ila atasubiri.

Basi ikaanza kazi. Jioni nyingi tulikaa watatu mbele ya kompyuta, mimi nikiwa na daftari langu maana kazi yangu ni kuandika. Niliyojifunza ni mengi kuliko nilivyotegemea, na makubwa kati ya hayo ni hili: ukitaka kuijua familia ya Ayalandi au Uskoti, usiishie kwenye vyeti vya kuzaliwa. Fuata ardhi.

KWA NINI ARDHI?

Ayalandi ina pengo kubwa la kumbukumbu. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la nyaraka za taifa pale Four Courts, Dublin, lililipuka na kuungua. Ndani yake zilikuwamo sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851, wosia wa vizazi na vizazi, na zaidi ya nusu ya rejista za Kanisa la Anglikana la Ayalandi. Vilivyobaki ni vipande vipande. Sensa za 1861 na 1871 zilikuwa zimeshaharibiwa zamani kwa amri ya serikali, na za 1881 na 1891 zikasagwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Yaani sensa kamili za kale zaidi zinazosomeka ni za 1901 na 1911, ambazo Idara ya Nyaraka ya Taifa imeziweka kwenye intaneti bure.

Uandikishaji wa serikali nao ulichelewa. Ndoa za wasio Wakatoliki zilianza kuandikwa mwaka 1845, na vizazi, vifo na ndoa za watu wote mwaka 1864. Kumbuka kwamba kati ya 1845 na 1852 ndipo ilipopita ile njaa kuu ya viazi. Watu kama milioni moja walikufa na zaidi ya milioni moja wakahama nchi. Ina maana wengi waliondoka bila serikali kuwa na karatasi yenye majina yao.

Ila kodi ya shamba haikusubiri mtu. Aliyelima aliandikwa, na aliyekodisha aliandikwa. Ndiyo maana ardhi inakumbuka pale ambapo kanisa na sensa vimesahau.

DUBLIN: MASIJALA YA MWAKA 1708

Masijala ya Hati ya Dublin ilianza kazi mwaka 1708, na kumbukumbu zake hazikuwa Four Courts siku ya moto. Sababu ya kuanzishwa kwake haipendezi. Pamoja na kuwalinda wanunuzi na utapeli, ilikusudiwa kusaidia kutekeleza sheria za kuwabana Wakatoliki, ambao wakati huo hawakuruhusiwa kununua ardhi wala kukodi kwa zaidi ya miaka 31. Masharti hayo yalianza kulegezwa mwaka 1778, na 1782 wakaruhusiwa kununua.

Kilichohifadhiwa mle si hati yenyewe, maana hati ilirudi kwa mwenyewe. Ni muhtasari wake, uliotiwa saini mbele ya mashahidi na kunakiliwa kwenye vitabu vikubwa ajabu. Usidhani ni mauzo tu. Mna mikataba ya kukodi, rehani, baadhi ya wosia na, wapenzi wasomaji, mikataba ya ndoa!

Hii ya ndoa ndiyo tamu. Kabla ya harusi ya watu wenye mali kidogo, pande mbili zilikaa wakaandikiana: binti anakuja na kiasi gani, kijana anaweka shamba gani, na bibi harusi akifiwa na mume atapata nini kila mwaka. Humo utakuta jina la bwana harusi, la bibi harusi, la baba zao, na la wadhamini ambao mara nyingi walikuwa kaka au wajomba. Karatasi moja, koo mbili.

Kisha kuna ukodishaji wa "maisha matatu". Badala ya kuandika miaka, mkataba ulitaja watu watatu, na ulidumu mpaka wa mwisho wao afe. Mpangaji mwerevu alitaja watoto wake wadogo wenye afya, mara nyingine pamoja na umri wao. Wengine wakawataja watoto wa mfalme, maana hao hawakosi daktari na kifo chao hakifichiki. Wewe unayetafuta ukoo unapata majina ya watoto na umri wao bila cheti chochote.

Ugumu upo, nisikudanganye. Faharasa ya majina inamtaja anayetoa ardhi, si anayepokea. Na kabla ya 1833 haisemi hata kaunti, kwa hiyo mwenye jina la kawaida atakutoa jasho. Ipo pia faharasa ya maeneo, na hiyo ndiyo njia ya kumpata mpokeaji. Picha za vitabu hivi na faharasa zake zinasomeka bure kwenye tovuti ya FamilySearch ukishajiandikisha. Masijala yenyewe tangu 2023 iko chini ya taasisi ya serikali iitwayo Tailte Éireann.

MPANGAJI NAYE ANA ALAMA YAKE

Shemeji yetu hakumpata mtu wake kwenye Masijala. Haishangazi. Wakulima maskini wa Kikatoliki walilima kwa makubaliano ya mwaka hadi mwaka, na hayo hayakusajiliwa. Hapo ndipo tulipogeukia Tathmini ya Griffith.

Richard Griffith alisimamia zoezi la kuthamini ardhi na nyumba za Ayalandi nzima ili kukadiria kodi, na matokeo yakachapishwa kati ya 1847 na 1864. Kila mstari unaonyesha kitongoji, jina la mkaaji, jina la aliyemkodisha, ukubwa wa shamba na thamani yake, pamoja na namba ya kiwanja kwenye ramani. Vitongoji vya Ayalandi ni zaidi ya 60,000, kwa hiyo ukishapata kitongoji umeshamaliza nusu ya kazi. Tathmini yote iko bure kwenye intaneti. Kwa miaka ya nyuma zaidi kuna Vitabu vya Zaka vya 1823 hadi 1837, vinavyowaorodhesha wakulima waliotozwa kwa ajili ya kanisa la serikali.

Tulimpata. Yuko Donegal, miaka ya 1850, na kieneo chake kidogo cha mawe na majani. Tatizo, kitongoji kilekile kilikuwa na wanaume watatu wenye jina moja la kwanza na la ukoo. Griffith alikuwa na dawa: watu wa namna hiyo huongezewa jina la baba, au jina la utani kama la mwenye nywele nyekundu. Wetu alikuwa na jina la baba pembeni. Kwa hiyo tukapata kizazi kingine juu yake, bure!

Baada ya Griffith, maofisa waliendelea kurekebisha daftari zao. Mkaaji akifa au akihama, jina lilikatwa, la mpya likaandikwa juu yake kwa wino wa rangi nyingine, na mwaka ukatajwa. Kwa kaunti sita za Ayalandi ya Kaskazini, daftari hizo ziko kwenye tovuti ya PRONI, ofisi ya nyaraka ya Belfast. Za upande wa Jamhuri, Donegal ikiwemo, ziko Dublin, na shemeji aliagiza nakala.

Nakala zilipofika, tulikaa kimya muda mrefu. Jina la babu mkuu lilikatwa, likaja la mjane wake, kisha la mwanawe mkubwa. Hakuna aliyefukuzwa. Mwanawe mdogo, aliyezaa ukoo wa Glasgow, ndiye aliyepanda meli. Kaka mtu alibaki, na mwanzoni mwa miaka ya 1900 daftari lina muhuri wa kuonyesha kwamba familia ilinunua shamba lile kupitia sheria za ardhi, zilizowawezesha wapangaji kununua kwa mkopo wa serikali. Sheria maarufu zaidi kati ya hizo ni ya 1903.

Ila kulikuwa na jambo la pili. Kiwanja cha jirani kilikuwa kwa jina la mwanamke mwingine, mjane. Miaka ya 1880 jina lake limekatwa. Lililoandikwa juu yake ni la ukoo wa shemeji.

Daftari halisemi kwa nini. Huenda aliuza. Huenda alikwenda kwa wanawe Marekani. Na huenda alifukuzwa kwa deni la kodi. Miaka ile Ayalandi ilikuwa imetoka kwenye Vita ya Ardhi ya 1879 hadi 1882, na kuchukua shamba la aliyefukuzwa lilikuwa jambo la aibu kijiji kizima. Kapteni Charles Boycott, wakala wa kabaila kule kaunti ya Mayo, alisusiwa mwaka 1880 kwa kikomo, mpaka jina lake likageuka neno la Kiingereza la kususia. Ukoo uliojisimulia kwamba ulinyang'anywa, huenda ndio uliopanua shamba kwenye mlango wa jirani.

USKOTI: UDONGO NA JIWE

Upande wa mama, shemeji ni Mskoti wa kaunti ya Fife. Huko mambo ni tofauti kabisa, maana Uskoti ilianzisha rejista ya ardhi ya taifa mwaka 1617. Inaitwa Rejista ya Sasini. Sasini ni tendo la kukabidhiwa ardhi. Mpaka mwaka 1845 lilifanyika kwa vitendo, palepale kiwanjani: muuzaji au wakala wake alimpa mnunuzi udongo na jiwe mkononi mbele ya mashahidi, na mthibitishaji akaandika. Tangu 1981 rejista mpya ya ardhi imekuwa ikichukua nafasi yake, kaunti baada ya kaunti.

Kuanzia 1781 kuna mihtasari yake iliyochapwa, ya mistari michache tu lakini imejaa mafuta. Utakuta kazi ya mtu, mji, jina la mke, na mara nyingi jina la baba au ndugu aliyekuwa nayo kabla. Na Waskoti wana neema moja: kwenye kumbukumbu mwanamke aliyeolewa hutajwa kwa jina la ukoo wake wa kuzaliwa, hata kwenye cheti cha kifo. Huhangaiki kuuliza "huyu alikuwa binti wa nani?"

Zingatia mambo mawili. Kwanza, sasini ni ya mwenye mali. Mpangaji utamtafuta kwenye karatasi za mashamba makubwa, au kwenye orodha za tathmini zilizoanza 1855, zinazotaja mwenye nyumba, mpangaji na mkaaji. Pili, mpaka 1868 ardhi haikurithishwa kwa wosia. Ilikwenda kwa mrithi wa kisheria, na kwa kawaida huyo ni mtoto wa kiume wa kwanza, desturi iliyofutwa na sheria ya mirathi ya 1964. Kwa hiyo usikate tamaa ukikuta wosia hautaji nyumba. Tazama kumbukumbu za kuthibitisha warithi, ambazo zinaanzia 1530.

Bibi na babu wa shemeji upande huo walikuwa na nyumba ndogo na bustani nyuma. Sasini yao inasema mali ni ya mume na mke kwa pamoja, na atakayebaki hai aendelee kuishi humo. Mtengeneza viatu wa karne ya 19, jamani, na alimwandikisha mkewe kwenye hati! Hapa kwetu Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzako, lakini jina lililopo kwenye hati halihitaji kugombaniwa mahakamani.

MAPENZI NDANI YA FAILI

Msifikiri nyaraka ni ukavu mtupu. Uskoti mpaka katikati ya mwaka 1940 wawili waliweza kuoana kwa kutamka tu kwamba sasa sisi ni mume na mke. Hakuna mchungaji, hakuna kadi, hakuna kamati ya harusi! Ndiyo maana baada ya Uingereza kubana sheria zake za ndoa mwaka 1754, wapenzi waliokataliwa na wazazi walikimbilia Gretna Green, mpakani. Ndoa hizo zilikuwa halali, ila wengi hawakuandikishwa popote. Hapo hati ya nyumba yenye majina ya wote wawili kama mume na mke huwa ndiyo ushahidi wa karibu.

Wazee wa kanisa nao walikuwa wanaita vikao. Binti akionekana mjamzito, anaulizwa baba wa mtoto ni nani, na jibu linaandikwa. Picha za kumbukumbu hizo zipo kwenye tovuti ya ScotlandsPeople tangu 2021, na kuzitazama ni bure. Shoga yangu alizisoma akacheka, kisha akanyamaza. "Wote wanamuuliza yeye," alisema. "Mwanaume anaitwa baadaye."

ALICHOSEMA MZEE

Swali likabaki moja: Mzee aambiwe yote, au aambiwe ile sehemu nzuri? Mimi nilikaa pembeni, hayo ni ya wawili. Shemeji aliamua mwenyewe. Alikwenda na karatasi zake, akataja vizazi sita upande wa baba na vitano upande wa mama, kisha akamwonyesha Mzee lile jina lililokatwa.

Mzee alivaa miwani. Akaliangalia lile jina muda mrefu. Akauliza, "Na watoto wa huyu mama walikwenda wapi?"

Shemeji akasema hajui, lakini ataendelea kutafuta. Mzee akakunja karatasi, akamwambia mkewe aite wajomba, siku ipangwe.

UKITAKA KUANZA

1. Anza na walio hai. Andika majina, dini, kazi na miji kabla hujafungua kompyuta. Dini itakuambia rejista ipi ya kanisa utafute. Kwa Wakatoliki wa Ayalandi, Maktaba ya Taifa iliziweka rejista za parokia kwenye intaneti bure mwaka 2015.

2. Rudi nyuma hatua kwa hatua. Uskoti vyeti vya serikali vinaanza 1855, na vya mwaka huo wa kwanza vina maelezo mengi kuliko vilivyofuata. Kwenye mtandao vizazi hufungwa miaka 100, ndoa 75 na vifo 50.

3. Tafuta kitongoji. "Ayalandi" peke yake haitoshi, na hata kaunti haitoshi.

4. Soma mashahidi. Waliotia saini pembeni ya hati mara nyingi ni shemeji, mjomba au jirani, na anwani zao zimeandikwa.

5. Usikate tamaa kwa sababu ya moto wa 1922. Mwaka 2022 ulizinduliwa mradi ulioongozwa na Trinity College Dublin, Virtual Record Treasury of Ireland, unaokusanya nakala za vilivyoungua kutoka maktaba na ofisi nyingine duniani. Kutumia ni bure.

6. Usichanganye hadithi na paspoti. Mtu mwenye babu au bibi aliyezaliwa Ayalandi anaweza kuomba uraia wa huko, lakini hilo linataka vyeti vya kuzaliwa na ndoa, si hati za shamba. Na Mtanzania ajue kwanza kwamba sheria yetu hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima.

La mwisho ni ushauri wa bure kwa wapenzi. Kazi hii ifanyeni wawili. Utamwona mwenzako anavyopokea habari asiyoipenda kuhusu kwao, na hilo ni jambo zuri kulijua kabla ya kadi za mchango kuchapwa. Halafu wikiendi hii fungueni na lile bahasha la hati zenu wenyewe, muone limeandikwa majina ya nani.

Haya, kazi kwenu!